Wiki Moja Helsinki

Jeddah, Mfungo Pili. Huu ni mwaka wa sitini na mbili tangu mimi na wewe tuondoke Unguja, na wa pili tangu uondoke peke yako.

Seif, sahibu yangu,

Nakwenda Helsinki.

Najua ilipasa nianze kwa salamu na dua, lakini nakusikia ukinikata kama ulivyonikata maisha yote: "Suleiman, habari kwanza, adabu baadaye." Basi habari ndiyo hiyo. Viza imetoka juzi. Tiketi zimo kwenye simu ya mjukuu wangu Ilham, na kila nikimpigia namuuliza kama bado zimo, naye hunijibu, "Zimo, Babu, haziozi." Tutaondoka Hija ikishamalizika, mahujaji wakianza kurejea kwao na uwanja wa ndege ukapata kupumua. Wiki moja nzima. Hatuendi kwa mgonjwa wala harusini wala msibani. Tunakwenda kutembea.

Ni mji ule ule wa kadi yako. Alikuletea baharia mmoja wa meli iliyoleta mbao, siku zile ukihesabu mizigo bandarini, ukaibandika ukutani juu ya meza yako, ikakaa pale mpaka bahari yake ikapauka. Picha yenyewe haikuwa na makuu: kanisa jeupe lenye makuba ya kijani, chini yake ngazi pana kama uwanja, na kwenye ngazi hizo watu wazima wameketi, wamelielekezea jua nyuso zao, macho wamefumba. Hawali, hawauzi, hawamngojei mtu. Wewe hukushangazwa na kanisa. "Tazama, Suleiman! Wamekaa juani kwa hiari yao!" Sisi ambao maisha yetu ya Jeddah yote ni kukimbia kutoka kivuli hiki hadi kivuli kile. Kila aliyeingia ofisini ulimwonyesha, na kila mara ukamalizia kwamba iko siku utakwenda ukakae nao.

Lakini liko na neno lako la pili, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie badala ya kufunga sanduku. Ulilisema tulipomzika mke wangu, na ukalisema tena hospitali, sauti yako ikiwa imeshakuwa nyembamba: "Atakayebaki arudi Unguja." Nilikushika mkono tu, na wewe ukaufanya mkono kuwa ndilo jibu.

Nimebaki mimi. Na mambo yamekaa hivi. Daktari wangu, kijana mwenye adabu, kaniambia kama nina safari ndefu niifanye mwaka huu, na nisiifanye mara nyingi. Alipolisema neno hilo alitazama karatasi, hakunitazama mimi. Ilham, ambaye bila yeye sipandi ndege, ana likizo moja tu. Kwa hiyo safari ni moja. Dada yangu Aziza, yule aliyebaki, ananingojea Mkunazini tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nami nimechagua mji ambamo simjui hata mtu mmoja. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo unigombeze.

Kwanza nikuchekeshe. Nilitangaza barazani, pale Sharafiya, kwenye mkahawa wetu wa chai baina ya maduka ya simu. Unaijua desturi yetu: msafiri hasafiri na mzigo wake. Ukitaja tu jina la mji, kabla chai haijapoa umeshabebeshwa halwa ya fulani, kanga za fulani, dawa ya mguu ya bibi yake fulani. Wewe mwenyewe ulikwenda Muscat harusini na nguo zako ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa sanduku lako lote lilikuwa la watu. Basi nikataja Helsinki. Nikawaona wanapekua vichwani: London wapo, Toronto wapo, Copenhagen wapo. Helsinki hayupo mtu. Abeid ndiye aliyeona haya kwa niaba ya baraza zima.

"Binamu wa mke wangu yuko Stockholm," akasema. "Si hapo hapo tu?"

"Kuna bahari katikati, Abeid."

"Kubwa?"

"Meli inalala njiani."

"Basi chukua halwa, ikishindikana ule mwenyewe."

Nikamkatalia, Seif. Nilimkatalia Abeid, mtu ambaye hajakataliwa mzigo tangu tumjue. Kwa mara ya kwanza katika umri wangu nina sanduku lenye nafasi. Nalifungua hapa chumbani, nalitazama lilivyo, nalifunga tena.

Sasa nikupe mpango. Ilham aliniletea wa kwanza, umejaa kama siku ya mtihani: makumbusho asubuhi, makumbusho mchana, ngome kisiwani, na siku moja nzima kuvuka kwa meli kwenda mji wa nchi ya pili na kurudi. "Saa mbili tu baharini, Babu." Nikamwambia meli nilizopanda zinanitosha. Akataka tuingie kwenye hamamu zao za mvuke, wanakokaa wakitokwa jasho kisha wakajitupa bahari ya baridi. Nikamwuliza, mtu aliyekaa Jeddah umri wote huu apande ndege kwenda kutafuta joto? Akacheka, akafuta. Akanikabidhi kalamu. "Halas, Babu. Panga wewe."

Nikapanga. Nikaupeleka barazani wakaupitia, na kila mmoja akaubariki. Asubuhi tulale. Adhuhuri tusali, tule, tulale tena. Alasiri chai. Magharibi ikishapita, jua likiwa limetulia, tutoke: tutembee ufukoni, tupite sokoni, na baada ya Isha tutafute mahali pa kula, kwa sababu mji wowote, akasema Abeid, hupendeza baada ya Isha. Wazee wote wakaafiki. Hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Mimi, niliyekuwa nikikusahihishia ramani zako skuli, sikuona kitu.

Ilham aliusoma simuni, kisha akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Alikuwa anacheka bila sauti.

"Babu, hiyo Magharibi yako huko ni karibu na saa tano ya usiku."

"Na Isha?"

"Isha haingii vizuri. Giza lenyewe halikamiliki."

"Sasa soko?"

"Soko litakuwa limefungwa tangu wewe uko kwenye usingizi wako wa pili."

Wiki nzima, Seif, tungekuwa tunalala jua likiwaka na kutoka kukuta milango imefungwa, mzee wa Jeddah na mjukuu wake waliokwenda Ulaya kuwinda kivuli. Nimecheka mpaka nikajifuta machozi kwa kilemba. Nikaenda kumwuliza imamu wetu wa Ruwais juu ya sala, akanikumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kukusanya Magharibi na Isha, na nisijitie uzito ambao Mungu hakuuweka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli jua linakataa kuzama. Nikamwambia linazama, ila halina haraka.

Mpango mpya ni huu, na naupenda kuliko wa kwanza. Tunaamka kama watoto wa skuli. Siku ya kwanza hatufanyi lolote ila ngazi zile. Nitakaa, nitafumba macho, nitakusomea Fatiha, na nitakaa tena. Siku zinazofuata, jambo moja kwa siku. Siku ya soko la bandarini, ambako wanauza matunda madogo madogo ya porini kwa kikombe, mekundu na ya buluu, na supu ya samaki ya maziwa yenye majani mabichi juu yake. Siku ya kisiwa: feri ni ya mwendo mfupi, hiyo nimeikubali, na juu ya kisiwa kuna ngome kuukuu na majani ya kulalia. Siku ya tramu: tutapanda, tutakaa dirishani, tutazunguka mpaka tutakaporudi tulipoanzia, wala hatutashuka. Siku ya maktaba, ambayo nimesoma kwamba mtu yeyote anaingia, hata asiye mkaazi, anakaa kutwa na hapana anayemwuliza anatafuta nini. Hebu fikiri. Miaka yetu yote ya kuulizwa ikama, kile kibali cha ukaazi, kila mlango, halafu jumba lililojaa vitabu, na unaingia tu.

Na jambo jingine ambalo ningekupigia simu kukwambia hata kama ungekuwa salani: mikate yao ya chai wanaitia iliki. Iliki, Seif! Wanausokota unga kama sisi tunavyosuka ukili, wanautia sukari juu na iliki ndani. Nimesoma kwamba harufu yake inatoka mpaka mitaani asubuhi. Nani aliwapelekea, na kwa njia gani, nitauliza nikifika.

Kuhusu nguo niko mikononi mwa Nyambura. Humjui, ameanza kazi za nyumbani kwa mwanangu, mtaa wa Al-Nuzha, baada ya kuondoka kwako. Ni mama wa Limuru, Mkristo, mcheshi, mwenye amri kuliko madam wake. Ijumaa nilipokwenda kula huko alinivisha koti la mwanangu sebuleni, akanizungusha kama fundi cherehani.

"Babu, wewe baridi unaisikia tu kwa redio. Mimi nimekua nayo. Soksi mbili, na hii kofia usiivue eti ndio uonekane smati."

"Itakuwa kiangazi, mwanangu."

"Kiangazi ya kwao! Hata kwetu Januari watu huita kiangazi na tunalala na makaa."

Nikavaa kofia. Ni ya sufu, ina kishada juu. Ungeniona usingenisalimu.

Viza ilitupeleka Riyadh. Ilham anafanya kazi huko, katika duka la dawa la hospitali, na akataka tuiombee huko ili awe nami. Mji ule sasa una treni zake zipitazo juu na chini ya ardhi. Tulizipanda asubuhi ile kwa mazoezi ya tramu. Nilikaa dirishani. Nilifaulu.

Dirishani pa viza alikuwapo binti wa Kisaudia, mpole, mwenye haraka ya kazi. Mashine haikuzitambua alama za vidole vyangu. Akanishika kidole kimoja kimoja akakikandamiza yeye, kama unavyomfundisha mtoto kuandika. Kisha akatazama pasi yangu, mahali pa kuzaliwa, akainua uso, na uso wote ulikuwa umebadilika.

"Zanzibar! Ya ammi, fungate langu nilikwenda huko! Mchanga mweupe, maji kama kioo. Unakwenda kufanya nini kwenye baridi? Nenda Zanzibar upumzike!"

Ilham aliuma mdomo. Mimi nikamwambia nimesikia kuwa ni kuzuri.

"Hujarudi tangu lini?"

"Nilikuwa kijana."

"Na hujarudi?"

"Bado," nikasema.

Akanitakia safari njema, na kwa kweli aliitakia kwa moyo. Lakini lile neno lilinifuata mpaka barabarani. Bado. Nimelijibu kwa makafili, wale wadhamini wetu wa kazi, kwa majirani, kwa watoto wangu walipokuwa wadogo, kwa mke wangu mpaka akaacha kuuliza. Wewe pia ulikuwa nalo. Ulilivaa kama saa ya mkononi. Nikawaza, pale kando ya barabara Ilham akiita gari: hivi mimi nasema kweli? Au nasema tu kwa kuwa jibu jingine halijawahi kuwa na wa kulisikia?

Mchana ule, tukila kwake, Ilham alinionyesha kitu kwa nia njema kabisa. Alikuwa amefuatilia wiki nzima, kwa kuwa naye amekuwa akisikia habari ya Aziza na moyo wake umegawanyika. Akaniwekea simu mbele. Nyumba yetu, Seif. Mlango ule ule, umesuguliwa misumari yake ikang'ara. Ni hoteli sasa, ndogo, ya vyumba vichache. Chumba cha mama yangu kina kitanda chenye chandarua kilichofungwa kwa utepe. Darini, tulikokuwa tukilala mimi na wewe siku za joto na kumtukana mwalimu wa jiografia, kuna viti vya kulala na miavuli. Wageni wameandika maoni. Mmoja amesifu kifungua kinywa. Mmoja amelalamika kwamba ngazi ni kali.

Ngazi ni kali, ni kweli. Baba aliteguka mguu pale.

"Babu," akasema Ilham, "tukitaka tunaweza kulala humo. Kuna nafasi."

Hakukosea. Alitaka kunirudishia kitu, na hicho ndicho alichokipata. Nilimwambia ahsante. Nikala wali wangu. Ila pale ndipo nilipoyaona mambo yalivyo, wazi, bila hasira, na nataka nikueleze wewe kwanza maana wewe ndiye uliyeniachia agizo.

Mimi, sahibu, safari zangu zote zilikuwa na kazi. Unguja nilitoka kwa kukimbia, ndevu hazijaota. Hapa nilikuja kutafuta. Muscat nimekwenda kuzika, Cairo nimekwenda kutibisha macho ya mke wangu, Makka naenda kuomba. Kutembea, kule kutembea kwa watu wazima ambako mtu anaamka asubuhi hana anachodaiwa na mji, sikupata. Na nikienda Unguja sitapata pia. Nitakwenda kwa kazi nzito kuliko zote: kujidai kwamba narudi. Nitasimama mbele ya mlango ule na kijana atanikaribisha kwa Kiingereza. Watu watanionea huruma, Aziza atawaonea aibu, mimi nitawachekea wote. Nitakuwa mgeni mahali ambapo sikuzaliwa niwe mgeni. Helsinki nitakuwa mgeni kwa haki yangu. Hawanijui, siwajui, hapana kati yetu aliyepotewa na mwenzake.

Na hapa ndipo ilinibidi nimwambie Aziza. Nilimpigia Jumamosi, baada ya Alasiri, wakati najua amekaa kibarazani na kahawa yake. Nikamweleza mji, ngazi zake za juani, mikate yake ya iliki, ndege, Ilham. Akasikiliza.

"Huko una nani wewe?" akaniuliza.

"Sina mtu."

"Na hapa?"

"Nina wewe."

"Sasa?"

Nikampa jibu la kweli. Nikamwambia nampenda yeye, na nyumba siipendi tena, na siwezi kuja kwake bila kuipita nyumba. Nikamwambia nimechoka kuwa mtu anayerudi na hafiki. Nilisikia baiskeli ikipita kwake, kengele yake ikilia, na mtu akimwamkia, "Shikamoo, Bi Aziza," naye akiitikia marahaba kwa sauti ya kawaida, kama kwamba hakuna kitu kilichotokea sikioni mwake. Kisha akakata.

Siku mbili sikula vizuri. Koti alilonivisha Nyambura lilikuwa juu ya kiti, likinitazama. Nilifikiri kumwambia Ilham afute yote. Niliishika simu kumpigia, na sitakuficha, niliipiga namba yake kabisa, akapokea, nikamwuliza kama tiketi bado zimo.

Jumanne asubuhi ikaja sauti ya Aziza kwenye simu. Naiandika kama alivyosema, maana nimeisikiliza mpaka nimeihifadhi: "Suleiman, nimelia, nimemaliza. Wewe toka utoto ukikataa kitu ulikuwa hulii, unakaa tu, na mama alisema mtoto anayekaa tu usimvute mkono. Basi. Rajabu nakuja umra mie. Utanipokea uwanja wa ndege mwenyewe, usinitumie mtoto. Utanipeleka Madina. Na huko uendako usiniletee chokoleti zao. Niletee hiyo iliki wanayotia mkateni, niionje, nijue kama ni iliki kweli au wanadanganya watu." Kisha, pale mwisho, kabla hajaachia kidole: "Ukae juani, kaka. Ukae sana."

Basi, sahibu, ndiyo nimepata mzigo wa kurudi nao, na huo sikuukataa.

Sasa nakuaga. Nje hapa Ruwais mchana umeanza kulegea. Nitakwenda kusali, kisha nitapita kwa fundi kuchukua viatu, maana wanasema mawe ya kule yanateleza. Nina furaha, Seif, furaha ya kitoto, ile ya usiku wa kuamkia Idi, na nimeona haya kuwaonyesha wengine kwa umri huu. Wewe nakuonyesha. Mungu akupanulie ulipolala na akutilie nuru.

Nakuahidi haya: Ijumaa ya kwanza baada ya safari nitakuja makaburini kwako asubuhi, kabla jua halijakaza, nikuhadithie kila kitu kwa utaratibu, pamoja na yale nitakayokuwa nimekosea. Rajabu nitakuja tena na Aziza akusalimie. Na siku yangu ikifika nimewaambia wanangu wanizike hapa Jeddah. Agizo lako nimelisikia, nimelipima, na nalirudisha kwako kwa heshima.

Unguja sirudi.

Suleiman